Sura ya Tisa

Fundi hakuwahi kufungua saa ya mtu kabla ya kusoma maelekezo yake. Kama maelekezo hayapo, aliyaandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: skrubu hii imetoka hapa, hii pale, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, halafu akaifunga kwa kuifuata karatasi ile kinyumenyume. Miaka thelathini na minane alikaa kwenye meza ileile nyuma ya dirisha la kioo, lenzi jichoni, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika kwamba saa yake imefungwa huku kidude kimoja kimesahaulika mezani. Kwa hiyo watu walipoacha kuvaa saa wakawa wanatazama wakati kwenye simu, na yeye akaona hana budi kuijua hiyo simu, alifanya analolijua. Alikwenda duka la vitabu.

Kitabu alichonunua kilikuwa chembamba, cha kuwafundisha wanaoanza kutumia mitandao ya kijamii. Jaladani palikuwa na babu na bibi wanaichekea simu utadhani inawatekenya. Ndani kulikuwa na sura tisa, picha za simu zenye mishale ya kuonyesha pa kubonyeza, na mwisho wa kila sura zoezi.

"Kitabu cha simu!" Mdogo wake wa kike alicheka mpaka akashika mbavu. Huyo alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu mtaa wa pili, na tangu mke wa Fundi afariki ndiye aliyepita kila jioni kuhakikisha kaka yake ametia kitu tumboni. "Kaka, simu inabonyezwa, haisomwi. Mimi nani alinifundisha? Nilibonyeza tu. Ukikosea unarudi nyuma."

"Na usipojua kwamba umekosea?"

"Watu watakwambia."

"Mimi sibonyezi kitu nisichojua kinafungua nini."

"Haya bwana. Ukikimaliza utakuta wenzio tumeshahama."

Hakumjali. Alijipangia sura moja kwa wiki, kila Jumapili baada ya chai, kalamu ya risasi mkononi. Hakuingia sura inayofuata kabla ya kufanya zoezi, na hakuchungulia mbele. Wanaochungulia mbele aliwajua, walikuwa wakimletea saa walizojaribu kuzitengeneza wenyewe, zikiwa vipandevipande ndani ya bahasha.

Lakini kilichomsukuma hasa kujifunza ni binti yake.

Binti huyo alikuwa ameolewa na muuza vipuri vya magari, mtu nadhifu, mwenye shikamoo ya kuinama mpaka kiunoni. Miaka mitano watu walimsifu. Halafu siku moja binti alikuja kibandani kwa baba yake na saa iliyopasuka kioo, akasema ameteleza bafuni. Fundi akaushika mkono ule ili afungue mkanda wa saa. Chini ya mkanda akaona alama za vidole, nne upande huu na moja upande wa pili. Akavua lenzi.

"Mama," alimwambia, kama alivyomwita tangu mdogo, "hii ni mara ya ngapi?"

"Sihesabu tena, Baba."

Hakumuuliza la pili. Wiki ileile, mume akiwa kazini, Fundi alikwenda mwenyewe kuwatoa binti na mjukuu wa miaka minne, na mabegi mawili. Msusi akampigia mteja wake wa zamani aliyekuwa na duka la udobi katika mji mwingine, mwendo wa saa sita, na binti akapata kazi ya kupiga pasi. Alibadilisha namba ya simu. Kabla hajapanda gari alimwambia baba yake: "Usimwambie mtu nilipo. Hata unayemwamini."

Na Fundi hakumwambia mtu. Wakimuuliza, alijibu kwamba yupo, anaendelea, na akageukia kazi yake. Mume alifika kibandani mara tatu. Mara mbili za kwanza alikuja na adabu zake zote. Mara ya tatu aliweka viganja vyote viwili kwenye dirisha la kioo, akasema polepole, "Nitampata tu, mzee. Mnajisumbua bure." Alipoondoka, Fundi alikipangusa kioo mara mbili, na bado akawa anaziona zile alama za viganja.

Tangu hapo nyumba ilinyamaza. Binti alipiga simu mara moja moja, kwa haraka. Fundi alitaka kuona sura za watu wake, na alisikia kwamba mitandaoni watu wanaonana sura kila siku. Ndiyo sababu ya kitabu.

Sura ya kwanza ilimfundisha kufungua akaunti. Ya pili, neno la siri. Ya tatu ilihusu marafiki, na hapo alikaa wiki mbili, maana hakutaka kuingiza mtu kiholela. Alikubali watu kumi na wanne: mdogo wake, binamu watatu, mafundi wenzake wa zamani, mjane wa rafiki yake, na wengine wa namna hiyo, wote anawajua hadi milango ya nyumba zao. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema: "Unachoweka kwenye ukurasa wako kitaonekana na marafiki zako." Aliupigia mstari. Kisha akapitia orodha yake tena, jina baada ya jina, kuhakikisha mume wa binti hayumo wala mtu wa kwao. Hawakuwemo.

Baada ya miezi minane ya kutoonana, alisafiri kwenda kumwona. Duka la udobi lilikuwa na joto la mvuke na harufu ya sabuni, na mashati ya watu yalining'inia kwenye nailoni safu kwa safu. Binti alikuwa amenenepa kidogo. Alicheka, na Fundi alishtuka kukisikia kile kicheko, jinsi alivyokuwa amekisahau. Mjukuu alikaa juu ya gunia la mashuka, jino moja la mbele limeng'oka, akimweleza babu yake habari za paka wa jirani.

Fundi akatoa simu.

"Baba na simu ya kupiga picha! Lini hiyo?"

"Simama pale nje, kwenye mwanga."

Binti akatoka, akaziweka nywele sawa, akasimama chini ya kibao cha duka, mwanawe mbele yake. "Ya nini hiyo picha?"

"Ya kwangu. Niwe ninaitazama."

Na aliposema hivyo alisema kweli.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya sura ya tano, kuweka picha. Zoezi lilisema: "Chagua picha ya mtu unayempenda. Andika maneno machache. Taja mahali." Fundi alikaa na zoezi lile muda mrefu, chai ikapoa. Aliwahesabu tena wale watu wake kumi na wanne. Kutaja mahali alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuruka hatua iliyoandikwa, na ilimwuma kama uongo. Lakini picha aliiweka. Chini yake akaandika, kwa kidole kimoja: "Mwanangu, furaha yangu."

Kibao cha duka kilichokuwa juu ya kichwa cha binti hakikumshtua. Kwenye simu yake kilikuwa kidogo kama ukucha. Hakujua kwamba mtu akitaka anaweza kuikuza picha mpaka asome jina la duka, na namba ya simu ya duka chini ya jina.

Msusi aliiona picha akiwa saluni, mikono ina mafuta. Akapiga kelele ya furaha hadi wateja wakageuka. "Kaka yangu kaweza!" Akafuta kidole kimoja, akabonyeza moyo mwekundu, akaandika: "Mrembo wa shangazi! Umependeza!" Ndivyo alivyozoea kufanya kwa picha za watu wote. Alikuwa na marafiki mia tisa mtandaoni. Mmoja wao alikuwa dada wa yule mume, aliyekuwa akisukwa palepale saluni enzi za ndoa, na ambaye msusi hakukumbuka hata kama yumo.

Simu ilikuja Alhamisi, saa saba mchana. Fundi alikuwa na saa ya ukutani imefunuliwa tumbo mezani.

"Wewe ndiye baba?" Ilikuwa sauti ya mama mwenye duka la udobi, inahema. "Njoo. Yuko hospitali. Mtoto ninaye mimi, ni mzima. Njoo tu, baba."

Aliyasikia mengine njiani na mengine huko. Yule mume aliingia dukani na shati mkononi, kama mteja. Akasubiri zamu yake. Binti alikuwa amegeuka kuchukua ving'inizio, na alipogeuka tena mume alikuwa ameshapita upande wa ndani wa meza. Pasi ilikuwa ya moto. Wateja wawili na mwenye duka walimwangusha chini wakamkalia mpaka polisi walipofika, lakini hayo ni ya baadaye kidogo, na huo muda mdogo ulimtosha.

Fundi alimkuta binti amelala kwa ubavu wa kulia, maana upande wa kushoto, kuanzia shingoni hadi begani, ulikuwa umefunikwa bandeji. Vidole viwili vimefungwa kwenye kijiti. Alivuta kiti, akakaa. Hakujua pa kumshika, akashika ukingo wa shuka.

"Mama."

Binti alikuwa macho. Alizungumza bila kusogeza taya. "Alinionyesha, Baba."

"Alikuonyesha nini?"

"Picha. Kabla hajanipiga, alitoa simu yake akanionyesha. Akasema, baba yako amenisaidia." Alipumua kwa uangalifu, asivute bandeji. "Nikaona umeandika furaha yangu."

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji ya dripu, akatoka. Fundi alitaka kusema kwamba alihesabu watu. Kumi na wanne. Kwamba aliipitia orodha mara mbili, jina kwa jina. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja aliloweza kulitoa mdomoni mbele ya ile bandeji.

"Nilidhani ni sisi tu tunaona," alisema mwishowe.

Binti akafumba macho. "Najua ulidhani."

Siku ya tatu alirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Kitabu kilikuwa juu ya meza, kalamu ya risasi katikati yake. Alikaa, na kwa mara ya kwanza akachungulia mbele. Akafungua sura ya tisa, ya mwisho, kurasa nne tu. Kichwa chake kilikuwa "Nani Anaona?" Mstari wa kwanza ulisema: "Kabla ya kuweka picha yoyote, hakikisha umechagua watu wanaoruhusiwa kuiona."

Aliusoma mstari ule mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote. Kisha akachukua simu atekeleze, kwa sababu hakujua jingine la kufanya. Kitabu kilisema abonyeze alama ya kufuli iliyo juu, kona ya kulia. Kona ya kulia hapakuwa na kufuli. Alitafuta juu, akatafuta chini, akazima simu akaiwasha. Mdogo wake alipoingia jioni alimkuta bado anatafuta, jasho limelowesha kola ya shati.

"Nipe," msusi alisema. Alibonyeza mara nne, akamrudishia. Kwenye kioo paliandikwa: Wanaoweza kuona, Watu Wote.

"Ilikuwa hivi tangu lini?"

"Huanza hivyo. Kila mtu akifungua siku hizi, inaanza hivyo. Lazima uibadilishe mwenyewe."

"Ulikuwa unajua?"

Msusi alikaa chini. Nywele zake, ambazo hakuwahi kutoka nazo nje bila kuzitengeneza, zilikuwa zimesimama. "Nilikuwa najua. Mimi ya kwangu naiacha wazi kwa ajili ya biashara. Sikufikiria ya kwako." Akauma mdomo. "Kaka, kuna lingine. Ule moyo niliobonyeza. Na yale maneno. Nimeuliza wasichana wa saluni, wakaniambia kitu kikiwa wazi, ukikiandikia wewe, marafiki zako nao wanaletewa. Wote."

"Wote mia tisa?"

"Wote. Na dada yake yumo. Nimemtafuta, yumo." Akaanza kulia. "Nilikucheka na kitabu chako. Kumbe hata mimi nilikuwa nabonyeza tu."

Fundi alimtazama. Alikuwa na hasira ya kumtosha kuvunja vyombo, lakini kila alipoitafutia pa kuiweka aliiona inamrudia yeye. Aliinuka, akamletea mdogo wake maji ya kunywa.

Asubuhi alikwenda duka la vitabu. Mwenye duka, mama wa miwani yenye kamba shingoni, alimkumbuka.

"Nimekuja kukuomba usikiuze tena hiki," Fundi alisema, akakiweka kitabu kaunta.

"Kina kasoro?"

"Ukurasa wa thelathini na moja unasema uongo. Halafu onyo wameliweka mwisho kabisa, kama kitu cha kusindikizia."

Yule mama akafungua ukurasa wa mbele. "Kimechapwa miaka saba iliyopita. Labda wakati ule ilikuwa kweli."

"Na sasa?"

"Sasa mimi sijui, baba. Hivi vitu vinabadilika kila kukicha, na kitabu kikishachapwa kimechapwa." Aliona mistari ya kalamu ya risasi, na jinsi ilivyokoma katikati ya kitabu. Akainua macho. "Ulikimaliza?"

"Nilikuwa sura ya tano."

Mwenye duka aliiachia miwani ining'inie shingoni. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilishuka. "Basi onyo lilikuwemo."

Fundi aliinamisha macho kwenye mistari yake ya kalamu ya risasi.

"Wazee wenzio wanakuja kukiulizia," yule mama aliendelea. "Wana watoto, wana wajukuu, lakini watoto hawana subira ya kuwafundisha. Wanawanyang'anya simu, wanabonyeza wao, wanawarudishia. Mtu anarudi nyumbani hajui alichofanyiwa. Nikikiondoa hiki, watajifunzia wapi?"

"Waambie waanze na sura ya tisa."

"Nitawaambia."

Lakini Fundi alipofika mlangoni akageuka, alimwona ameshamgeukia mteja mwingine anayetaka madaftari, na akajua kwamba atasahau.

Kesi ilisikilizwa baada ya miezi miwili. Wakili wa mume alikuwa kijana mpole, mwenye karatasi zilizopangika. Alimwonyesha Fundi picha iliyochapwa kwenye karatasi kubwa. Kwa ukubwa ule kibao cha duka kilisomeka hata na mtu wa safu ya nyuma.

"Mzee, mteja wangu hakuvunja nyumba ya mtu ili ajue mkewe yuko wapi. Nani aliiweka picha hii mbele ya watu wote?"

"Mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulidanganywa na mtu?"

Fundi alifikiri. Angeweza kukitaja kitabu. Angeweza kumtaja mdogo wake, aliyekaa safu ya pili akikunjakunja leso. "Hapana," alisema. "Nilidhani najua."

Hakimu alisema suala la picha halimpunguzii mshitakiwa kitu, aliyeshika pasi ni yeye. Akampa miaka minne. Mume alipopitishwa kutolewa nje alisimama mbele ya Fundi, akainama mpaka kiunoni, akasema, "Shikamoo, mzee." Askari akamsukuma.

Binti alikaa kwa baba yake mpaka kidonda kilipokauka. Ngozi ya shingoni ilikuwa imejikunja, ikamvutia kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mjukuu hakuongea sana. Mtu yeyote akiinua simu, hata kutazama saa tu, mtoto aliuficha uso kwa mikono miwili. Fundi alianza kuiacha ya kwake kibandani. Akaunti aliifuta, msusi akimwelekeza polepole, na safari hii alimwacha kaka yake abonyeze mwenyewe.

Jumatatu moja, wakikunja nguo, binti alisema, "Baba, tunaondoka kesho. Kuna akina mama wanaosaidia watu kama mimi. Wamenipatia mahali."

"Vizuri."

"Safari hii hutajua ni wapi."

Fundi aliendelea kukunja gauni dogo la mjukuu, mkono kwa mkono. "Sawa."

"Shangazi naye hatajua. Si kwamba nawachukia."

"Najua, mama."

"Nitakuwa nawapigia hao akina mama, na wao watawapigia nyinyi. Watawaambia tu kwamba ni wazima." Alimtazama. "Miaka minne haichukui muda. Atatoka."

"Sawa," Fundi alisema tena. Akaliweka lile gauni ndani ya begi.

Gari lilikuja saa tatu asubuhi, gari dogo jeupe lisilo na maandishi. Fundi alibeba mabegi mpaka kizingitini, akayaweka, hakuvuka. Alimkumbatia binti kwa upande ule mzima. Mjukuu alimpa mkono kama mtu mkubwa, na Fundi akaupokea vivyo hivyo. Kisha akageuka kabla mlango wa gari haujafungwa, akapita sebuleni, akapita jikoni alikosimama mdogo wake akiwa ameipa barabara mgongo, akatoka uani.

Aliweka ndoo chini ya bomba akafungua maji mpaka mwisho, yapige kelele, asisikie gari limekata upande gani. Ndoo ikajaa, maji yakamwagika, yakamlowesha viatu. Aliyaacha yamwagike, akitazama ukuta, mpaka msusi alipotoka akayafunga.